Taa, Kisanduku na Kata ya Mpagazi



Jioni hii nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo halitajwi katika hotuba za waheshimiwa wala haliandikwi magazetini, walakini kila nyumba iliyovutiwa umeme inalo juu ya vichwa vya wenyeji wake. Nalo ni mahali pale padogo darini ambapo taa hukutana na nyumba, yaani kile kisanduku cha duara, kipana kama kikombe cha kahawa, ambacho mafundi wetu hukiita raundi boksi, na ambacho mwenye nyumba aghalabu hakioni tena tangu siku kilipofunikwa mpaka siku taa inapomwangukia.

Mimi naishi Bukene, katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, mji uliokaa kandokando ya reli iendayo Mwanza, na nyumba yangu niliijenga kwa akiba ya ualimu, chumba baada ya chumba, kwa miaka mingi. Majuma machache kabla ya washenga kuja kuzungumza habari za binti yetu mdogo, mama watoto alisafiri hadi Tabora mjini akarudi na taa ya sebuleni: mduara wa chuma uliopakwa rangi ya dhahabu, wenye matawi matano na vikombe vitano vya kioo cheupe. Kijana mmoja aliyejulikana mtaani kuwa ni fundi umeme akaitundika kwa muda wa nusu saa, akapokea ijara yake, akaenda zake. Taa iliwaka, nasi tulifurahi, na majirani walikuja kuitazama. Siku ya kumi na mbili, nikiwa nimeketi kusoma, niliinua macho nikaona kofia ya taa imeachana na dari, pengo la kuingiza kidole, na taa yenyewe imelala upande kama mtungi uliotuliwa vibaya kichwani.

Nikamwendea fundi mwingine, mtu mzima aliyefanya kazi hii tangu ujana wake. Alifika asubuhi na mapema pamoja na mwanafunzi wake aliyebeba ngazi, akanisalimu, "Mwangaluka, Mwalimu," nikamjibu, tukaulizana habari za watoto na za mashamba kama ilivyo desturi, kisha akasimama chini ya taa, mikono nyuma, akaitazama muda mrefu bila ya kuigusa.

"Mwalimu," akasema, "taa hii haina kinachoishika. Imejishika kwa nyaya zake yenyewe."

Wasikilizaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niombe nafasi hii kwenye redio, kwa kuwa tangu siku ile nimekwisha kuingia nyumba nyingi, za jamaa na za marafiki, na katika kila nyumba nainua macho juu, nami nimeona kwamba taa zinazojishika kwa nyaya zake zenyewe si moja wala mbili.

Acheni kwanza niwaeleze alivyoishusha, maana katika kushusha kwake lilikuwamo somo zima. Kabla ya kuzima umeme aliingiza testa yake katika tundu la soketi ili ahakikishe kwamba yawaka, kwa sababu chombo cha kupimia kilichokufa husema uongo, na uongo wake huua, kisha akazima swichi kubwa iliyo karibu na mita ya LUKU, akapima tena pale pale akaona kimya, akamsimamisha mwanafunzi wake mbele ya swichi ile na kumwambia, "Kijana wangu, usiondoke hapa hata akikuita baba yako." Ndipo alipopanda ngazi, akapima tena kwenye taa yenyewe, na mwanangu wa kiume akaipokea taa kwa mikono miwili.

Kofia iliposhuka, niliona kwa macho yangu yale ambayo mwenye nyumba hakukusudiwa kuyaona. Kisanduku cha plastiki kilikuwa kimezama juu ya ubao wa jasi, au jipsamu kama mafundi wasemavyo, kina cha pingili ya kidole, nacho kilibembea kikiguswa, kwani hapakuwa na parafujo hata moja iliyokifunga kwenye mti. Kilishikwa na bomba la nyaya peke yake. Masikio yake mawili, yale yenye hesi ya kupokelea parafujo za taa, moja lilikuwa limeng'oka. Kijana yule, alipoona kwamba chuma cha taa hakilingani na masikio, alipigilia parafujo mbili katika ubao wa jasi wenyewe, nazo zilitoka kwa kuvutwa kwa vidole, zikiacha unga mweupe ulioniangukia begani. Nyaya zilikuwa zimesokotwa na kuzungushiwa tepu, na kwa joto la dari ya bati gundi ya tepu ilikuwa imelainika na kuteleza, hata shaba ikaanza kuchungulia. Tuliipima taa kwenye mizani ya duka la jirani: kilo saba na ushei. Kilo saba hizo zilikuwa zikining'inia, juu ya meza tuliyokusudia kuwawekea washenga, kwa nyaya mbili nyembamba na fundo la tepu.

Sasa natamani tuulize kwa insafu: yule kijana alikuwa mvivu, au kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa? Jawabu langu, baada ya kuketi na fundi yule siku nzima, ni kwamba yote mawili yamo, ila ugumu wa kazi hauelezwi kwa watu, na jambo lisiloelezwa hudharauliwa.

Ugumu wa kwanza ni wa vipimo. Kisanduku cha duara cha desturi ya Kiingereza, ambayo ndiyo tuliyoirithi tangu zama za utawala wao, kina masikio yaliyoachana milimita 51 hivi, yaani inchi 2 za kale, na hesi yake hupokea parafujo ya milimita 4. Kabla ya Waingereza kuhamia vipimo vya mita, masikio hayo yalipokea parafujo iliyoitwa 2BA, yenye unene wa milimita 4.7, kwa hivyo mtu akitia parafujo ya siku hizi katika kisanduku cha majengo ya zamani, itaingia yote na isishike kitu, naye akiikaza zaidi atadhani imeshika ilhali inazunguka tu. Wamarekani nao wana visanduku vyao, ambavyo matundu yake huachana kwa inchi 2¾ au 3½, na hesi zao ni nyingine kabisa. Taa tuuziwazo leo katika maduka ya Nzega na Tabora, nyingi zikiwa zimetoka Uchina, zimetengenezwa kwa masoko ya dunia nzima, na ndani ya kasha huwekwa kipande cha chuma chenye matundu marefu kiitwacho breketi, kwa matumaini kwamba tundu mojawapo litaafikiana na kisanduku cha mnunuzi, awe London, awe Chicago, awe Bukene. Mara nyingine linaafikiana. Mara nyingine breketi ni ndefu kuliko kisanduku, au ni fupi, au haimo kabisa kashani, na fundi aliye juu ya ngazi, shingo imemuuma na jasho lamwingia machoni, anajikuta hana njia ila mbili: ashuke akatafute chuma cha kufaa, au apigilie parafujo katika jasi aende zake.

Ugumu wa pili ni wa nyaya. Katika nyumba nyingi taa si mwisho wa njia ya umeme bali ni kituo. Moto huingia kisandukuni kutoka upande mmoja, ukatoka kwenda taa ya chumba kingine, na waya mwingine ukashuka kwenye swichi na kurudi, hivyo mtu anayedhani atakuta nyaya mbili hukuta sita au nane zimejikunja ndani ya nafasi isiyozidi kikombe. Rangi nazo zimebadilika. Kwa desturi ya zamani nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, na kijani, au kijani yenye mstari wa njano, ni ethi. Mwaka 2004 Waingereza walianza kuzifuata rangi za bara la Ulaya, na kuanzia mwaka 2006 kazi mpya zote kwao zikawa za kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro; na kwa kuwa nyaya na vifaa vyetu vyatoka pande zote, leo katika nyumba moja ya Tabora utakuta nyekundu na nyeusi zikitoka darini, na kahawia na buluu zikitoka kwenye taa. Haya bado ni sahili. Lililo zito ni kwamba waya mweusi unaorudi kutoka kwenye swichi, ijapokuwa ni mweusi, hubeba moto kila swichi inapowashwa, na fundi mwaminifu aliyeutandaza hana budi kuufunga alama nyekundu ili anayemfuata asidanganyike. Na katika njia za moto mitatu, buluu iliyokuwa moto jana leo ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro jana leo yaweza kuwa moto. Ndiyo maana fundi wangu, kabla ya kufungua fundo hata moja, alifunga vipande vya uzi katika kila waya na kuandika katika daftari lake upi ulikuwa na upi, kisha akapima mmoja mmoja. "Rangi ni maneno ya mtu aliyetangulia," akaniambia, "na mimi simjui mtu huyo."

Zaidi ya hayo, nyaya zangu zilikuwa zimekatwa fupi mno. Kule Marekani kanuni zao zataka ziachwe angalau inchi 6 za waya huru katika kisanduku. Wazee wetu wangesema shubiri, na shubiri ndiyo bora, maana nyaya zikiwa fupi fundi hulazimika kuunganisha akiwa ameinua taa kwa mkono mmoja na kukaza kwa mkono mwingine, na kiungo kilichokazwa namna hiyo hakikazwi sawasawa, nacho kikilegea hupata joto, joto hulegeza zaidi, hadi siku moja moshi utoke darini usiku wa manane.

Ugumu wa tatu ni ethi. Taa yangu ni ya chuma, na mwilini mwake mlikuwa na kiparafujo cha kufungia waya wa kijani na njano, lakini darini waya huo haukuwapo abadani, kwa kuwa aliyetandaza nyaya zamani alikusudia holda ya plastiki na balbu moja tu. Lau waya wa moto ungechubuka na kugusa chuma kile cha dhahabu, taa ingeendelea kuwaka kwa uzuri wake, na mtu wa kwanza kupanda ngazi kufuta vumbi ndiye angeujua ukweli, kwa volti 230.

Hayo ndiyo mambo ya fundi. Sasa nataka tuyatazame kwa jicho lingine, jicho la nchi yetu hii ya Unyamwezi, kwa sababu naamini kwamba babu zetu walijua jambo moja ambalo sisi tulio na umeme tumelisahau.

Mnajua kwamba kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na kabla ya njia ya Mwanza kukamilika mwaka 1928, njia kuu ya nchi ilikuwa miguu ya watu. Misafara ilitoka Bagamoyo ikaja Unyanyembe, hapo ikagawanyika, mingine ikaenda Ujiji, mingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Na Mwingereza Speke, aliyetoka Kaze, kituo cha misafara huko Unyanyembe, mwezi Julai mwaka 1858 akalifikia ziwa kubwa mwezi Agosti, alikwenda kwa njia ya kaskazini ya nchi hii. Safari ya Speke na mwenzake Burton kutoka pwani hadi Kaze, mwaka 1857, iliwachukua siku zaidi ya 130. Na aliyebeba mali yote hiyo, nguo, shanga, nyaya za shaba kwenda bara, na pembe kwenda pwani, alikuwa mpagazi, na mpagazi mashuhuri kuliko wote alikuwa Mnyamwezi. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu na frasila mbili, na mzigo ule uliofungwa vizuri uliitwa mtumba, jina ambalo leo vijana wanalijua kwa nguo za mnadani tu.

Mpagazi aliyebeba mtumba kichwani hakuuweka juu ya kichwa kitupu. Alisokota nguo au majani akafanya kata, akaiweka utosini, ndipo akaupandisha mzigo. Ukiitazama kata peke yake utaona ni kitu duni, kipete cha majani ambacho hakiuzwi wala hakisifiwi, na msafara ukipita hakuna aliyeiona, maana ilikuwa imefunikwa na mzigo. Lakini kata ndiyo iliyofanya mzigo na kichwa vikubaliane, ule ukiwa tambarare na hiki kikiwa cha mviringo, na kata ikikaa upande, shingo haikufika hata kijiji cha pili. Mpagazi mzoefu aliisokota kata asubuhi kabla ya kuugusa mzigo, na kama haikumtosha aliifungua akaisokota upya, ijapokuwa mnyapara alikuwa akipiga kelele.

Wasikilizaji wapenzi, kisanduku cha taa ndicho kata ya nyumba. Paa ndilo kichwa, taa ndiyo mtumba, na kile kisanduku kisichoonekana ndicho kinachofanya vitu viwili visivyolingana vikae pamoja kwa amani. Na kamba iliyofungia mtumba haikuwa kazi yake kuufunga mzigo kwenye kichwa cha mtu; vivyo hivyo waya si kazi yake kubeba taa. Waya hubeba moto. Kisanduku hubeba uzito. Kila kimoja kina wajibu wake, na dhuluma huanza pale kimoja kinapotwishwa kazi ya mwenzake.

Kwa nini basi sisi tunachanganya kazi hizi mbili, ilhali bibi zetu hawakuzichanganya? Nimelifikiri sana jambo hili, na naona sababu yake ni hii. Kibatari, koroboi, chemli, fanusi na karabai, zote zilibeba moto wake ndani ya tumbo lake. Ulipotundika fanusi ulihitaji ndoano tu, na kila mtoto aliiona ndoano, akaona kama imeingia katika mti au katika udongo. Moto ulikuwa wa taa, uzito ulikuwa wa ndoano. Umeme ulipokuja, moto na uzito vikaingia kwa tundu moja, na tundu hilo likafunikwa kwa kofia nzuri. Mtu aonapo waya unatoka darini na taa inaning'inia chini yake, akili yake humwambia kwamba waya ndio unaoishika, na kwa kweli iko holda ndogo ya balbu moja iliyotengenezwa ining'inie kwa waya wake, kwa kuwa uzito wake si kitu. Kutoka holda ile ya gramu chache hadi taa ya matawi matano ni mwendo mrefu, nasi tumeuvuka bila ya kubadilisha kata.

Tena baada ya taa huja pangaboi, na pangaboi si mzigo uliotulia. Huzunguka, hutikisika, huvuta parafujo zake usiku na mchana. Kanuni za Wamarekani, nizitajazo kwa kuwa zimeandika hesabu waziwazi, zaruhusu kisanduku cha taa kubeba hadi ratili 50, yaani kilo 23 kasoro kidogo, na taa iliyozidi hapo lazima ishikwe na mti wa nyumba wenyewe, isipokuwa kisanduku kimethibitishwa kwa uzito mkubwa zaidi. Na pangaboi hairuhusiwi kabisa kutundikwa kwenye kisanduku ambacho hakikuthibitishwa kwa pangaboi. Ratili 50 haifiki hata frasila moja na nusu. Mpagazi wetu alibeba zaidi ya hiyo. Lakini kisanduku cha plastiki kilichoegeshwa juu ya jasi hakina shingo ya Mnyamwezi.

Sasa mtaniuliza, dhamana ni ya nani? Serikali ilitunga Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na kwa juhudi hizo nguzo zimefika vijiji ambavyo hatukuvidhania, na mwanakijiji ameunganishwa kwa shilingi 27,000. Neema hiyo hatuna budi kuishukuru. Hata hivyo fedha ile yaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, nyaya, swichi, kisanduku na taa ni mali ya mwenye nyumba na amana ya fundi wake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi kwa madaraja yao, na vyuo vya ufundi vya VETA, kikiwamo cha Tabora, hufundisha vijana kazi hii kwa utaratibu. Lakini hakuna mkaguzi atakayerudi nyumbani kwako siku utakayobadilisha holda ya plastiki kwa taa ya chuma uliyoinunua mwenyewe. Siku hiyo mko wawili tu, wewe na aliye juu ya ngazi.

Na ukitazama kwa makini utaona kwamba taa moja yapitia mikono ya watu wanne wasiopata kuonana. Anayetandaza bomba na nyaya huja wakati nyumba haina dari. Anayefunga dari huja baadaye, akakata tundu mahali alipodhani. Mpaka rangi akafunika. Na mama wa nyumba, miezi au miaka baadaye, akanunua taa kwa uzuri wake, kama ilivyo haki yake. Wa kwanza hakuijua taa, wa mwisho hakukijua kisanduku. Dawa yake ni sahili na haina gharama kubwa: siku ya kufunga dari, kabla ya ubao kupanda, mwenye nyumba asimame na fundi wake amwonyeshe kwa kidole, hapa nitatundika taa nzito, hapa nitatundika pangaboi, na ubao wa mti upigiliwe pale kati ya kenchi na kenchi, na kisanduku kifungwe kwenye ubao huo, na waya wa ethi ufike, na shubiri ya waya iachwe. Kazi hiyo siku ile ni ya robo saa. Ikiachwa, itakuwa ya siku nzima, kama ilivyokuwa yangu.

Maana fundi wangu hakuirudisha taa mpaka alipoifanya kazi ile yote. Alipanda juu ya dari katika joto la mabati, akaweka kipande cha mninga kati ya mbao mbili za kenchi. Na kwa kuwa mninga ni mti mgumu, alitoboa kwanza kwa keekee kabla ya kutia parafujo, ili parafujo isikatike wala ubao usipasuke. Akakileta kisanduku kipya, cha chuma, akakifunga kwenye mninga kwa parafujo mbili, mdomo wake ukiwa sawasawa na uso wa dari. Breketi ya taa ilipokataa kuafikiana na masikio, hakuilazimisha. Alishuka, akachukua ubapa wa chuma, akautoboa matundu mawili kwa kipimo cha kisanduku na mawili kwa kipimo cha taa, akayatia tupa mpaka yakawa laini yasichubue waya, akaupaka rangi. Akavuta waya wa kijani na njano kutoka kwenye ubao wa fyuzi. Nyaya aliziunganisha kwa konekta za parafujo, akavuta kila mmoja kwa vidole aone kama watoka. Halafu, kabla ya kufunga kofia, alifanya jambo ambalo sitalisahau: aliitundika taa kwenye chuma chake huku nyaya zikiwa zimelegea kabisa, akasubiri, akaitingisha kidogo, akaniambia nipande ngazi nitazame.

"Mwalimu, wauona waya?" akauliza.

Nikasema nauona.

"Una mvuto wowote?"

Nikaugusa, kwa kuwa swichi kubwa ilikuwa imezimwa na mwanafunzi wake alikuwa angali mbele ya swichi hiyo kama mlinzi, nikauona umelegea, haubebi chochote. Ndipo alipofunga kofia.

Basi ndugu zangu, akina mama na akina baba mnaonisikiliza, ombi langu kwenu usiku huu ni dogo. Mtakapomaliza kunisikiliza, inueni macho mtazame taa iliyo juu yenu. Kama kofia yake imeachana na dari, kama imeinama, kama yayumba upepo ukiingia dirishani, kama balbu yabaki na mwanga hafifu hata baada ya swichi kuzimwa, jambo ambalo mara nyingine ni dalili kwamba swichi yakata nyutro na kuuacha moto juu, msipande wenyewe. Ondoeni kitanda cha mtoto chini yake, zimeni, na kesho mwiteni fundi mwenye leseni, na akija mwambieni maneno haya: kabla hujafunga kofia, nionyeshe kinachoishika. Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba kuna mtu aliyetaka kuiona kazi yake pale ambapo hakuna anayetazama.

Na ninyi vijana mafundi, mnaopanda ngazi za watu kutoka Bukene hadi Nzega na Tabora, kumbukeni kwamba sehemu ya kazi yenu itakayofunikwa ndiyo tunayolala chini yake. Msiikubali taa ambayo dari haiwezi kuibeba, wala msione haya kumwambia mwenye nyumba kwamba chuma chake hakilingani na kwamba mtarudi kesho na chuma kingine. Mnyapara atapiga kelele. Sokoteni kata upya.

Washenga walikuja siku waliyoahidi. Waliketi sebuleni tangu alasiri hadi usiku, wakazungumza habari za ng'ombe na za heshima, wakala, wakanywa chai, na taa ya matawi matano ikawaangazia wote. Mimi niliyeijua habari yake niliitazama mara moja, nikamkumbuka fundi na kipande chake cha mninga kilichojificha gizani juu ya dari, nikamwombea dua.